Makande ya nazi ya kwetu Same

Kwetu Same, Kilimanjaro, tunasema makande. Ukivuka mpaka kuingia Kenya, Wakikuyu watakupa githeri, Waluo nyoyo, Wakamba muthokoi, na Mombasa utasikia pure. Yote ni mahindi na maharage, ila githeri hupikwa na ganda la mahindi likiwemo. Sisi, kama Wakamba kwenye muthokoi, tunakoboa, na mimi sibadilishi: punje iliyokobolewa inalainika na kunywa tui hadi ndani.

Haya ni ya bibi mzaa mama. Chukua vikombe 3 vya mahindi yaliyokobolewa (sokoni waambie ya makande), kikombe 1 na nusu cha maharage, na nazi 1 kubwa. Chagua mawe, osha, loweka usiku kucha kila kimoja na bakuli lake. Asubuhi mwaga maji hayo.

Tanguliza mahindi. Watu wengi hutia vyote pamoja, maharage yakapasuka na kuwa uji huku mahindi bado yanagonga meno. Yachemshe peke yake kama saa nzima, ndipo utie maharage, na maji yakipungua ongeza ya moto, siyo ya baridi. Magadi yanaivisha haraka, najua, lakini bibi hakuyataka na mimi siyataki. Yanaacha ladha yake mdomoni. Bonyeza punje kwa vidole: ikisagika bila kiini kigumu, imeiva. Chumvi itie sasa.

Sasa ikune nazi. Kamua tui zito, liweke kando, kisha kamua la pili kwa maji ya vuguvugu. Kaanga kitunguu, nyanya na karoti kwa mafuta kidogo, mimina kwenye makande pamoja na tui jepesi, acha yatokote taratibu mpaka mchuzi ushikane. Tui zito ni la mwisho. Punguza moto, usifunike, koroga mfululizo kwa mwiko ukielekea upande mmoja, kwa sababu ukiliacha lichemke kwa fujo litakatika. Likianza kutoa povu dogo pembeni, epua.

Tunakula na parachichi.

Yakibaki, yaweke kwenye friji mapema, nazi huchacha upesi. Kesho yake yatakuwa yameganda. Tia maji kidogo, pasha kwa moto mdogo hadi yachemke.