Kununua na kukusanya visu vya Kijapani vilivyofuliwa kwa mkono: tuanzie kwenye umbo

Kisu changu cha kwanza cha Kijapani nilikichagua kwa urembo. Ubavuni kilikuwa na mawimbi ya suminagashi, yale matabaka ya chuma yanayofanana na wino uliomwagwa majini, na mpini wake ulivutia. Nilipokata karoti, ikapasuka kabla makali hayajafika kwenye ubao. Nikakinoa mara tatu nikidhani ni butu. Makali yalikuwa sawa; shida ilikuwa unene ulio nyuma ya makali, na huo hauponi kwa kunoa ncha ya makali peke yake. Haya yafuatayo ndiyo ningependa kuambiwa siku ile.

Hatua ya 1: Anza na kisu kimoja cha kazi

Usinunue seti. Chukua gyuto ya milimita 210, kisu kirefu chenye ncha kinachofaa mboga, samaki na nyama isiyo na mfupa. Kama ubao wako ni mdogo, santoku, kisu kifupi zaidi cha kazi zote, ya milimita 165 hadi 180 inatosha.

Yanagiba ya sashimi, deba ya kupasulia samaki na usuba ya mboga ziache kwanza. Hizo hunolewa upande mmoja tu, na upande wa pili una bonde jembamba liitwalo urasuki. Zinadai mkono uliokwisha kuzoea kinoo. Tena iliyotengenezwa kwa ajili ya mkono wa kulia haimfai anayetumia kushoto, na za kushoto huuzwa ghali zaidi.

Hatua ya 2: Chagua chuma kulingana na tabia yako

Shirogami maana yake ni karatasi nyeupe, na Aogami ni karatasi ya buluu. Majina hayo yametokana na rangi za karatasi zilizotumika kutofautisha vyuma vya Yasugi, mkoani Shimane. Chuma chenyewe hakina rangi hiyo. Shirogami ni chuma cha kaboni kisicho na mchanganyiko mwingi, hunoleka upesi na kupata makali membamba ajabu. Aogami imeongezwa kromiamu na tungsteni, hivyo makali yake hudumu zaidi. Vyote viwili hushika kutu. Ginsan na VG10 ni vyuma vya pua, visivyoshika kutu kirahisi.

Visu hivi kwa kawaida huwa na ugumu wa kati ya 60 na 65 kwa kipimo cha Rockwell, wakati vingi vya Ulaya viko kwenye 55 hadi 58. Ugumu huo ndio unaoruhusu makali kuwa membamba, na ndio unaofanya yameguke yakigonga mfupa. Kama jikoni kwako kisu huachwa kwenye sinki hadi asubuhi, nunua Ginsan bila kusita. Hunoleka karibu sawa na chuma cha kaboni.

Hatua ya 3: Uliza kisu kimepita mikono ya nani

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko mahali pengine popote. Sakai, karibu na Osaka, kazi imegawanywa tangu zamani: mhunzi hufua chuma, togishi hukisaga na kukinoa, na mtu mwingine hutia mpini. Jina lililochongwa ubavuni mara nyingi ni la mfanyabiashara aliyeagiza kazi hiyo, wala si la mhunzi. Kwa hiyo visu viwili vilivyofuliwa na mhunzi mmoja vinaweza kukata tofauti kabisa, kwa sababu togishi ni tofauti. Mimi humuuliza muuzaji maswali mawili: nani alifua, na nani alinoa? Muuzaji anayeipenda kazi yake hujibu kwa furaha, hata kama mafundi wameomba majina yao yasitajwe, kwani atakueleza sababu na aina ya unoaji.

Sanjo mkoani Niigata, na Echizen mkoani Fukui, ni kawaida zaidi karakana moja kufanya kazi yote tangu moto hadi kinoo. Tosa, mkoani Kochi, inajulikana kwa visu vyenye weusi wa tanuri uliobaki ubavuni, kurouchi, ambavyo nawapendekezea wanaoanza: havijapambwa, na fedha yako imelipia kufua na kusaga.

Visu vingi huwa na chuma kigumu katikati kilichounganishwa na chuma laini pembeni. Honyaki hutengenezwa kwa chuma kigumu peke yake, huvunjika kirahisi, na bei mara nyingi hupita yen 100,000. Sioni sababu ya mtu kuanzia huko.

Hatua ya 4: Kitazame kutoka kwenye kisigino

Geuza kisu ili utazame kisigino chake, pale makali yanapoishia karibu na mpini. Utaona umbo la ubapa kama kabari iliyokatwa. Unataka mgongo wenye nguvu unaopungua taratibu, kisha sehemu ya chini iliyo nyembamba sana kabla ya makali. Ikiwa kabari inabaki nene hadi karibu na chini, karoti zako zitapasuka kama zangu. Ukinunua kwa mtandao, omba picha ya pembe hiyo. Asiyekubali kuituma, mwache.

Kisha inua kisu kuelekea kwenye mwanga na upitishe jicho kando ya makali kutoka kisigino hadi ncha. Mstari uwe mnyoofu. Kwa kisu kilichotumika, chunguza pia vishimo vya kutu karibu na makali: kutu ya juu husafishika, lakini kishimo kirefu kitakuja kuwa pengo siku utakapokinoa hadi hapo.

Hatua ya 5: Nunua kinoo kabla ya kisu cha pili

Kinoo kimoja cha namba 1000, namba inayoonyesha ulaini wa punje zake, kinatosha kwa mwaka wa kwanza. Kiloweke au kinyunyizie maji kulingana na maelekezo yake. Kwa kisu chenye kimo cha milimita 45 kutoka makali hadi mgongo, inua mgongo karibu sentimita 1 kutoka kwenye kinoo. Hiyo ni takriban nyuzi 13. Sukuma na vuta bila kubadilisha pembe, mpaka uhisi kwa kidole kijikingo chembamba cha chuma kimejikunja upande wa pili, kuanzia kisigino hadi ncha. Ndipo ugeuze. Wengi hugeuza mapema, halafu wanalaumu chuma.

Kinoo huingia bonde katikati. Kichore mistari ya penseli, ukisugue kwenye jiwe la kusawazishia, na mistari ikifutika yote kimenyooka. Ile fimbo ya chuma ya kunolea yenye mikwaruzo isiguse makali haya kabisa.

Hatua ya 6: Kitunze kila siku

Kata kwenye ubao wa mti. Kioo na marumaru huharibu makali. Osha kwa mkono, kausha papo hapo. Chuma cha kaboni kitabadilika kuwa kijivu chenye buluu, na huo ni utando unaokilinda. Kutu nyekundu ndiyo ya kusugua mara moja. Kisu kitakachokaa wiki kadhaa bila kazi kipake mafuta ya camellia, na usikifungie kwenye ala ya ngozi, maana ngozi hushika unyevu.

Hatua ya 7: Ongeza polepole, na uandike

Kila kisu nimekipa ukurasa: mhunzi, togishi kama anajulikana, chuma, urefu, uzito, na tarehe za kunoa. Baada ya miezi sita ukurasa huo hunionyesha ninachokipenda kweli. Kwangu ilikuwa visu vyepesi vya milimita 240, ilhali nilikuwa nikinunua vizito.

Ukifika Kappabashi, mtaa wa vyombo vya jikoni jijini Tokyo, shika visu vingi kabla ya kulipa. Kisha kisu ulichonunua kiache ndani ya boksi lake lililofungwa hadi utakapofika unakolala, kwa sababu sheria ya Japani inakataza kubeba bila sababu ya msingi kisu chenye ubapa unaozidi sentimita 6. Kwenye ndege kinakwenda na mizigo ya chini, ncha ikiwa imefunikwa kwa kadibodi.