Ha Long kwa siku moja ukitokea Arusha au Moshi: mapango, visiwa na maji

Ukishalipa nauli ya ndege kutoka uwanja wa Kilimanjaro (KIA) hadi Hanoi, siku moja ya boti katika Ghuba ya Ha Long si gharama kubwa tena. Lakini ndiyo siku ambayo watu wengi huiharibu wenyewe. Huchagua boti kwa picha za sitaha na vinywaji, wakati kinachoamua siku hiyo ni saa utakazokaa majini, njia ambayo boti imepangiwa, na kama maji yatakuwa yamejaa au yamekupwa mtakapofika mapangoni. Mengine ni mapambo.

Ghuba moja, milango miwili

Ha Long iko kaskazini mwa Vietnam, mkoa wa Quang Ninh, mwendo wa saa mbili na nusu hivi kutoka Hanoi kwa barabara ya kasi. Visiwa vinavyotajwa rasmi ni 1,969, karibu vyote ni miamba ya chokaa iliyosimama wima kutoka baharini. UNESCO iliiandika kwenye urithi wa dunia mwaka 1994, ikaongeza thamani ya kijiolojia mwaka 2000, na mwaka 2023 mpaka ukasogezwa kuingiza visiwa vya Cat Ba upande wa Hai Phong.

Kwa msafiri, maana yake ni hii. Boti za upande wa Quang Ninh huondokea bandari ya Tuan Chau au ile ya kimataifa ya Bai Chay, na huko ndiko kwenye mapango makubwa yenye ngazi na taa. Boti za upande wa Cat Ba huingia Ghuba ya Lan Ha, yenye mapango madogo ya kupita kwa makasia na watu wachache zaidi. Kila upande una kiingilio chake, na kiingilio si bei ya boti, kama vile ada ya geti la Tarangire isivyo bei ya gari. Wakala akisema "kila kitu kimo", mwambie aandike kwenye risiti: kiingilio cha ghuba, pango lipi, kayaki au mtumbwi wa mianzi, chakula, basi la kwenda na kurudi.

Ushauri wetu: kama una siku moja tu na unalala Hanoi, nenda Ha Long kwa njia inayopita mapango ya Sung Sot na Luon na kisiwa cha Ti Top. Kama una siku mbili, lala Cat Ba na upande boti ya asubuhi ya Lan Ha. Utapata takriban saa saba majini, wakati anayetoka Hanoi na kurudi siku hiyohiyo hupata nne hadi sita huku akikaa saa tano barabarani. Njia fupi ya mapango ya Thien Cung na Dau Go ni nzuri kwa wazee na watoto wadogo, ila mtu aliyevuka bara zima ataona imeisha kabla haijaanza.

Mambo ya kumaliza ukiwa nyumbani

Mtanzania anahitaji viza. Tangu Agosti 2023 viza ya mtandaoni inatolewa kwa raia wa nchi zote, hadi siku 90: dola 25 kwa kuingia mara moja, dola 50 kwa kuingia mara nyingi. Omba kwenye tovuti ya serikali yenyewe, ambayo anwani yake huishia na gov.vn, maana zipo tovuti za mawakala zinazofanana nayo na kuongeza ada yao juu. Makosa yanayokwamisha maombi ni madogo sana: jina la kati limeachwa, tarehe imegeuzwa siku na mwezi, au picha ina miwani. Jaza majina kama yalivyo kwenye mistari miwili ya chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti. Kama ndege inatua Hanoi, chagua Noi Bai, uwanja wa ndege wa mji huo, kuwa mahali pa kuingilia. Ada hairudishwi, na muda uliotangazwa ni siku tatu za kazi, lakini omba wiki tatu kabla. Karibu na Tet, mwaka mpya wao unaoangukia mwishoni mwa Januari au Februari, ofisi hufungwa kwa siku kadhaa.

Kutoka KIA njia za kawaida hupita Doha au Addis Ababa. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano hata kama hakuna aliyekuuliza wakati wa kwenda, kwa sababu unaweza kuulizwa unaporudi.

Shilingi yetu haibadilishwi kule. Nunua dola benki au kwenye duka la kubadilishia fedha hapa mjini, noti safi zisizochanika wala kuandikwa. Dola moja ni kama dong 26,000, kwa hiyo hesabu ya haraka ni kuondoa sifuri moja: dong 100,000 ni kama shilingi 10,000. Angalizo moja tu: noti ya 20,000 na ya 500,000 zote zina rangi ya bluu, na gizani ndani ya teksi zinachanganya vibaya. Tenga 500,000 mfuko wake. (Noti ya 200,000 ina picha ya mwamba wa ghuba hiyohiyo, na mabaharia wengi husimamisha boti hapo ili watu wapige picha wakiishika.)

Plagi zetu za miguu mitatu bapa haziingii kwenye soketi nyingi za kule. Adapta ya miguu miwili ya duara ni bei ndogo hapa nyumbani.

Mwezi upi

Aprili, Mei, Oktoba na mwanzo wa Novemba ndiyo miezi salama kwa macho na kwa ratiba. Desemba hadi Machi kuna ukungu na manyunyu. Januari joto linaweza kuwa nyuzi 15 au chini yake, yaani baridi ya Arusha ya Julai ikiongezewa upepo wa bahari, kwa hiyo sweta na koti la mvua si anasa. Siku za ukungu boti nyingi hutembea, lakini visiwa vya mbali havionekani.

Juni hadi Septemba ni joto kali na dhoruba. Likizo za shule za huku za katikati ya mwaka huangukia humo, na ndio wakati Wavietnam wenyewe wanatalii, hivyo ngazi za Sung Sot hujaa. Kimbunga Yagi kilipiga Quang Ninh tarehe 7 Septemba 2024 na kuzamisha boti nyingi za utalii. Mamlaka ya bandari ikitangaza hali mbaya, hakuna boti inayoondoka hata kama jua linawaka Hanoi. Kwa hiyo usiiweke siku ya ghuba kuwa ya mwisho kabla ya ndege. Iweke mwanzoni, ubaki na siku mbili za akiba, na usome masharti ya kurudishiwa pesa kabla ya kulipa.

Kununua nafasi

Mtaa wa kale wa Hanoi, karibu na ziwa Hoan Kiem, umejaa ofisi za utalii na watu wa kukuvuta mkono. Ukiwafahamu flaikacha wa mjini Arusha, hutashangaa: boti ileile huuzwa bei tatu katika mtaa mmoja. Safari ya kawaida ya siku moja kutoka Hanoi, pamoja na basi, chakula na kiingilio, mara nyingi ni dola 35 hadi 60. Boti za kifahari huzidi hapo. Bei ikiwa chini sana, kilichokatwa huwa ni muda: basi linazunguka hoteli nyingi, linasimama muda mrefu kwenye duka la lulu njiani, na mnapanda boti mchana.

Swali linalofichua mengi ni hili: "Boti inang'oa nanga saa ngapi, na inarudi gatini saa ngapi?" Si saa ya kuchukuliwa hotelini. Ukijibiwa saa tano na nusu asubuhi hadi saa kumi na moja na nusu jioni, hiyo ni siku nzuri. Saa sita na nusu hadi saa kumi, tafuta nyingine. Uliza pia jina la boti, idadi ya abiria, na kama kayaki zinakodishwa kwa pesa zaidi.

Mapango: utembeeje

Sung Sot, kwenye kisiwa cha Bo Hon, ndilo pango kubwa la kutembelea. Unapanda ngazi za mawe takriban mia moja, unaingia ukumbi wa kwanza ulio mdogo, kisha ukumbi wa pili unafunguka ghafla mbele yako. Njia ni ya upande mmoja na mlango wa kutokea uko mbali na wa kuingilia, kwa hiyo ukisahau kofia ndani hutaweza kurudi kuichukua. Mawe yamelainishwa na nyayo na maji yanayodondoka. Vaa viatu vya mpira vyenye meno; ndala ndizo huangusha watu, hasa kwenye ngazi za kushuka. Hesabu dakika 45 na usiwe wa mwisho kwenye kundi, kwa sababu kundi la nyuma litakusukuma.

Mawe yanayoning'inia yalijengwa tone kwa tone: mvua hubeba kaboni dioksidi kutoka hewani na udongoni, huyeyusha chokaa, na kila tone likifika ndani huacha chembe kidogo. Mafuta ya kiganja yakibaki juu ya jiwe, chokaa haishiki tena vizuri na jiwe huwa jeusi. Aliyeingia Amboni kule Tanga ameshaona madoa hayo.

Ti Top ni kilima chenye ngazi zaidi ya 400 hadi kibanda cha juu, na ufukwe mdogo chini. Jina limetokana na mwanaanga wa Kisovieti Gherman Titov, aliyefika hapo na Ho Chi Minh mwaka 1962. Kwa kawaida mnapewa saa moja, nayo haitoshi kupanda na kuogelea kwa starehe. Panda. Ufukwe umejaa watu na mandhari ya ghuba iko juu. Maji ya kunywa chukua kabla ya ngazi, katika chupa yako mwenyewe, kwani plastiki za kutumia mara moja zilipigwa marufuku kwenye boti za utalii tangu Septemba 2019.

Kayaki na maji kujaa

Hapa ndipo siku inapopata utamu wake, na ndipo wengi wanapokosea. Pango la Luon, na lile la Giza na Mwanga huko Lan Ha, si mapango ya kutembea. Ni mapito chini ya mwamba yanayofungukia kwenye kidimbwi kilichozungukwa na kuta za mawe. Ghuba hii hujaa mara moja na kupwa mara moja kwa siku, tofauti na pwani yetu ambako hutokea mara mbili, na siku za bamvua tofauti hukaribia mita nne. Maji yakijaa sana, paa la pito huwa chini na mnazuiwa kuingia. Yakikupwa sana, mawe na chaza hutokeza kando. Muulize kiongozi asubuhi maji yatajaa saa ngapi. Akiweza kubadilisha mpangilio wa vituo, atabadilisha mapema, si mkishafika.

Asiyejua kuogelea apande mtumbwi wa mianzi unaopigwa makasia na mwenyeji. Anaona kilekile. Kwenye kayaki ya watu wawili, mzito au mwenye nguvu akae nyuma kwa sababu ndiye anayeongoza, na wa mbele ashike mwendo. Jaketi okozi lifungwe vifungo vyote na livutwe mabegani: likipanda hadi masikioni, omba dogo zaidi. Wakati wa kuingia, shika gati, ukae katikati. Anayesimama kutafuta pozi ndiye anayepindua. Boti kubwa ikipita na kuacha mawimbi, elekeza ncha ya kayaki kwenye mawimbi, usiyape ubavu. Ndani ya pito, usijishikize ukutani, maana chaza hukata kiganja kama wembe. Simu iwe kwenye mfuko usiopenya maji wenye kamba shingoni. Mkipinduka, shikeni kayaki, msiogelee kuelekea mwambani, subirini boti ya kuokoa.

Dhoruba ya mchana

Tarehe 19 Julai 2025 boti ya watalii ilipinduliwa na dhoruba ya ghafla humo ghubani na zaidi ya watu 30 wakafa. Msimu wa joto, wingu jeusi na upepo wa baridi baada ya joto kali ni dalili ya kuvaa jaketi papo hapo, hata kama hakuna aliyetangaza. Mkipanda tu, angalieni majaketi yako wapi na milango ya kutokea ni mingapi. Hali ikigeuka, kaa karibu na mlango, usijifungie kwenye chumba chenye kiyoyozi, na watoto wawe mikononi mwa mtu mzima mmoja mmoja.

Chakula na jioni

Chakula cha mchana ni cha baharini: kome, ngisi, samaki, kamba, wali na mboga. Sambusa zao nyembamba za kukaanga mara nyingi zina nyama ya nguruwe, na mchuzi wa samaki huingia karibu kila kitu. Waislamu na wasiokula nyama waseme siku ya kulipia, wakumbushe tena wakipanda. Vinywaji havimo kwenye bei isipokuwa imeandikwa, na hulipwa mwishoni, kwa hiyo uliza bei ya soda kabla ya kufungua ya pili.

Basi hufika Hanoi kati ya saa mbili na saa tatu usiku. Usikate tiketi ya treni wala ndege ya kabla ya saa sita usiku siku hiyo, kwa sababu ajali moja kwenye barabara ya kasi hula saa nzima.