Ukikuta nyoka zaidi ya mmoja karibu na nyumba

Koboko wawili wanapoonekana wamejisokota pamoja kando ya shamba, vichwa juu, kila mmoja aking'ang'ana kumlaza mwenzake chini, watu wengi hudhani ni dume na jike wanaopandana. Aghalabu hao ni madume wanaoshindana mieleka wakati wa majira ya kupandana. Hawaumani, na pambano hilo linaweza kuchukua saa kadhaa kabla aliyeshindwa hajaenda zake. Kwa hiyo waite watoto ndani, funga mbwa, kisha simama mbali, mahali unapowaona bila kuwazibia njia ya kurudi kwenye kichuguu au pango. Anayerusha jiwe humfanya nyoka ambaye hakuwa na habari naye aanze kujitetea, na koboko anayejitetea huweza kuuma mara kadhaa mfululizo. Wakiendelea kukaa karibu na makazi, mpigie simu ofisa wa wanyamapori wa eneo lako.

Ukikuta nyoka wadogo wengi mahali pamoja, huenda kifutu amezaa. Yeye huzaa watoto walio hai, mara nyingi 20 hadi 40, na jike mmoja kutoka Kenya aliyefugwa katika bustani ya wanyama huko Ulaya alizaa 156. Watoto hao wana sumu tangu siku ya kwanza na hutawanyika upesi, jambo linalonitia wasiwasi kuliko mieleka ya koboko, kwa sababu kifutu hakimbii mtu: hutulia kwenye majani makavu yanayofanana na rangi yake mpaka akanyagwe. Katika siku zinazofuata vaeni viatu vilivyofunika mguu, tembeeni na tochi usiku, na msiingize mkono kwenye kuni kabla ya kuzigeuza kwa fimbo ndefu.

Wapo wanaoamini kwamba kundi kama hilo limetumwa na adui. Hofu yao naielewa, lakini kinachowavuta nyoka karibu na nyumba ni panya, vyura, vifaranga na maficho. Hifadhini nafaka vizuri, fyekeni nyasi, zibeni mashimo.

Mtu akiumwa, alazwe atulie, avuliwe pete na bangili kabla ya uvimbe, kisha abebwe hadi hospitali bila kuchelewa. Msichanje jeraha, msilinyonye, msifunge kamba ya kubana, wala msipoteze muda kwa jiwe la nyoka. Swila akimtemea mtu sumu machoni, yaoshwe kwa maji mengi safi kwa dakika 15 au zaidi, naye apelekwe hospitali.