Silikoni ije baada ya rangi

Nilipokuwa nikimalizia ukarabati wa bafu letu hapa Umoja, niliziba kwa silikoni, ule mpira laini wa kuzuia maji, mshono ulio kati ya vigae na ukuta kabla ya kupaka rangi, na rangi ikawa inajikusanya juu yake vitonevitone, kama maji kwenye sufuria yenye mafuta. Rangi haishiki silikoni, hata ule utando mwembamba ulioachwa na kidole ukutani, ambao jicho haliuoni. Kwa hiyo jaza grauti kwanza, yaani saruji laini ya kuziba nafasi kati ya vigae, iache ikauke siku nzima, paka rangi ya dari na ya kuta, funga choo na sinki, kisha silikoni iwe ya mwisho kabisa, na bafu lisiguswe na maji kwa saa 24. Katika baridi ya Julai, mimi ningengoja siku mbili. Utaratibu huu hausaidii ikiwa kuna bomba linalovuja ndani ya ukuta, kwa kuwa rangi itabanduka vyovyote vile. Na ikiwa mshono wenyewe ndio unaotaka upakwe rangi, tumia kizibio cha akriliki, ambacho rangi hukishika.