Kufuga kasuku wadogo nyumbani Moshi, hasa kuwazoesha kula mboga

Jirani yangu ameletewa kasuku wadogo wawili, wale wa kijani wenye mistari myeusi mgongoni ambao asili yao ni Australia, na tumekuwa tukiwashughulikia pamoja. Maswali aliyoniuliza ndiyo yamenifanya niandike. Hatua ya chakula itakuwa ndefu kuliko zote, kwa sababu hapo ndipo ndege wengi wanapokufa.

Hatua ya 1: Ndege wenyewe

Nunua waliozaliwa tunduni. Mtu akikuletea kasuku walionaswa porini, usichukue: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali. Chukua wawili kama uwezo upo, maana hawa ni ndege wa makundi na mmoja peke yake ananyong'onyea.

Hatua ya 2: Tundu

Liwe pana kuliko lilivyo refu kwenda juu, maana kasuku huruka kwenda mbele. Matundu ya mviringo siyapendi kabisa, yanauzwa kwa sababu yanapendeza tu. Nafasi kati ya waya na waya isizidi sentimita 1.2, vinginevyo kichwa kitapita na kunasa. Ukitengenezewa na fundi wa kuchomelea kwa wavu mpya wenye zinki, usugue kwa brashi na siki, suuza, anika juani, kwa sababu ndege atautafuna na zinki ni sumu kwake. Vijiti vya plastiki vitoe. Weka matawi ya mpera yenye unene tofauti ili miguu isipate vidonda. Kioo cha kujitazamia usiweke.

Hatua ya 3: Mahali pa kuliweka

Sebuleni, upande mmoja ukiegemea ukuta, mbali na jiko. Mapafu ya ndege hayavumilii moshi wa mkaa, harufu ya mafuta ya taa, dawa ya mbu ya kuchoma wala ya kupuliza. Kikaango cha nonstiki kikiungua kinatoa hewa inayoweza kumuua ndege ndani ya dakika chache. Kuanzia Juni hadi Agosti, mawingu yakifunika mlima na baridi ikiingia, funika pande tatu za tundu kwa kitenge usiku. Usiwaletee jiko la mkaa ndani ili wapate joto.

Hatua ya 4: Chakula

Mbegu tupu zinamnenepesha kasuku mpaka ini linajaa mafuta, na zinamkosesha vitamini A. Lakini wengi wanaouzwa wamekulia mbegu tu, kwa hiyo ukimwekea mchicha anaukimbia. Hajui kwamba ni chakula. Hapo watu huondoa mbegu wakisema njaa ikimbana atakula. Hatakula. Kasuku huyu ana gramu 30 hadi 40 tu, na siku moja au mbili za njaa zinaweza kumuua.

Kwa hiyo kabla ya yote, nunua mizani ya jikoni ya dijitali inayosoma gramu moja moja. Nalisisitiza hili kuliko kitu kingine chochote kwenye mwongozo huu. Mpime kila asubuhi kabla hajala, ndani ya kopo dogo ambalo umeshaondoa uzito wake, na uandike. Wa gramu 35 akishuka hadi 32, sitisha zoezi, mpe mbegu zake zote, mwache apumzike siku kadhaa.

Alfajiri, kabla ya kuweka mbegu, ning'iniza majani ya mchicha yaliyolowa maji karibu na kijiti cha juu kabisa. Wengi huanza kwa kujisugua kwenye maji hayo, kisha wanadonoa. Baada ya saa moja hivi rudisha mbegu, hata kama hakugusa kitu. Siku nyingine kata karoti na sukuma wiki vipande vidogo sana na unyunyizie uwele juu.

Kilichofanya kazi kuliko vyote ni nyasi zenye mashuke mabichi. Huko Australia mbegu za nyasi ndiyo chakula chao, kwa hiyo shuke wanalitambua, na ukilifunga pamoja na jani la mchicha wanaanza kudonoa vyote viwili. Chuma pasipopuliziwa dawa, osha vizuri. Uwele ulioloweshwa usiku kucha, ukasuuzwa na kuachwa kwenye chujio mpaka utoe mkia mweupe, nao unasaidia. Ukianza kunuka, mwaga. Mtama usiuoteshe, chipukizi lake lina sumu ya sianidi.

Mbegu zipo soko la Mbuyuni, hapa Moshi. Ulezi uleule wa uji na mbege unafaa, mradi uwe mkavu na si kimea. Muulize muuzaji kama umewekewa dawa ya kuhifadhia nafaka. Mbegu za kupandia zilizopakwa dawa ya rangi usizilete nyumbani.

Jambo lingine ni makapi. Kasuku humenya kila punje na kuacha ganda kwenye kibakuli. Cha jirani yangu kilionekana kimejaa mpaka ukingoni; tulipokipuliza, makapi yakaruka na zikabaki punje chache chini. Puliza kila asubuhi.

Parachichi, ambalo huku kwetu liko kila meza, usimpe hata kidogo. Lina persini, inayoharibu moyo wa ndege. Mtoto mwenye kipande mkononi asisogee tunduni, na matawi ya mparachichi usiyaweke kuwa vijiti. Chokoleti, chumvi, kahawa na maharage mabichi pia hapana.

Hatua ya 5: Maji na usafi

Maji mapya kila siku, gazeti la chini nalo kila siku. Ukimaliza, nawa mikono.

Hatua ya 6: Kuwazoesha mkono

Siku za kwanza kaa tu karibu, zungumza nao. Kisha ingiza mkono ukiwa na shuke la uwele, utulie. Usimkamate kwa nguvu.

Hatua ya 7: Akiugua

Ndege huficha ugonjwa mpaka azidiwe. Akijitunisha manyoya mchana kutwa, akikaa sakafuni mwa tundu, au mkia ukicheza juu chini kila anapopumua, usingoje kesho. Mweke kwenye boksi dogo lenye matundu ya hewa, balbu ikiwa nje ya boksi kumpa joto, na mpigie daktari wa mifugo. Wengi hapa wanatibu ng'ombe na kuku, hivyo tafuta mapema, ndege wakiwa bado wazima, anayekubali kushika ndege wadogo. Na mtu wa nyumbani akipata homa na kikohozi kisichoisha, amwambie daktari wake kwamba mnafuga kasuku, kwa kuwa wana ugonjwa unaoambukiza binadamu kupitia vumbi la kinyesi na unatibika kwa antibiotiki.