Risasi zimepanda bei na hazipatikani: jinsi ya kuendelea na shabaha bila kushuka kiwango

Wadau wa shabaha, naandika hii kwa sababu kila nikienda renji (uwanja wa kupigia shabaha) siku hizi nasikia wimbo uleule, kasha la risasi limepanda tena, duka halina, agizo halijafika, na mtu aliyekuwa anakuja kila wiki sasa unamwona mara moja kwa miezi miwili, akija anapiga vibaya, anakata tamaa, hatumwoni tena. Inaniuma kwa kweli. Huu mchezo unajengwa kwa kurudia na ukikaa muda mrefu mkono unasahau. Mimi nimepunguza risasi zangu karibu nusu na alama hazijashuka, kwa hiyo nakuandikia nilivyofanya, hatua kwa hatua. Ni kwa ajili ya mtu mwenye leseni yake na anayejua kanuni za usalama tayari. Kama bado, anza na mwalimu kwanza, hapa utarudi baadaye.

Hatua ya 1: Elewa uhaba unatoka wapi

Watu wengi wanasubiri mambo "yarudi kama zamani" ndio waanze tena mazoezi. Usisubiri. Baruti ya kisasa inatokana na nitroselulosi, na nitroselulosi inatengenezwa kwa nyuzi za pamba au za mbao pamoja na asidi ya nitriki. Mizinga ya jeshi nayo inahitaji kitu hichohicho, kwa hiyo tangu vita vya Ukraine vilipopamba moto 2022 viwanda vya baruti vina mteja mkubwa kuliko sisi. Kabla ya hapo ilikuwa 2020, korona, watu hasa kule Marekani walinunua kila kilichokuwa kwenye rafu. Halafu kuna fataki, kile kiwashio kidogo nyuma ya ganda, viwanda vinavyozitengeneza ni vichache na ikikosekana fataki hata uwe na baruti ghala zima huna risasi. Ongeza antimoni, madini yanayofanya risasi iwe ngumu na yanayotumika pia ndani ya fataki, China ilianza kudhibiti mauzo yake nje Septemba 2024.

Ukiangalia hayo yote utaona kitu kimoja. Tatizo kubwa liko kwenye baruti na fataki, na kuna mazoezi mengi mazuri tu ambayo hayahitaji baruti wala fataki. Mpango wangu wote umesimama hapo.

Hatua ya 2: Hesabu risasi zako kwa kazi

Chukua daftari. Safari tatu zijazo za renji andika kila risasi ilifanya nini: kupasha mwili moto, kurekebisha saiti (kile kifaa cha kulengea juu ya bunduki), kujifunza kitu fulani, kujipima, au burudani tu. Burudani si dhambi, tunakwenda kule kufurahi, lakini iandike.

Mimi nilipofanya hivi nilishtuka. Kati ya risasi 100 za siku moja, nilizokuwa najifunza kitu kwa kweli hazikufika 30, zilizobaki nilikuwa napiga kwa sababu kasha liko wazi mezani. Na zile za mwisho nilishachoka, bega linauma, nabonyeza triga ovyo, yaani nilikuwa nalipia kujifundisha makosa.

Hatua ya 3: Kufyatua kavu nyumbani

Kufyatua kavu ni kulenga na kubonyeza triga bunduki ikiwa tupu. Hapa ndipo mzigo wote ulipo, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Usalama kwanza na sitalegeza hata kidogo. Risasi zote zinatoka chumbani, namaanisha chumba kizima, sio kuzisogeza tu pembeni ya meza. Mimi nazifungia chumba kingine ndio nachukua bunduki. Natoa magazini, navuta bolti, natazama chemba (pale risasi inapokaa) kwa macho halafu naingiza kidole kidogo kuhakikisha, maana macho yaliyozoea kuona chemba tupu yanaona tupu hata kama sio tupu. Shabaha naibandika kwenye ukuta ambao kweli ungezuia risasi endapo kosa lingetokea, sio mlango, sio ukuta mwembamba ambao nyuma yake kuna mtu amelala. Nikimaliza nasema kwa sauti "nimemaliza" na bunduki inakwenda sefu papo hapo. Hakuna "ngoja nipige moja ya mwisho". Hiyo moja ya mwisho ndiyo ya hatari, mtu ameshajaza bunduki ili airudishe mahali pake, anakumbuka kitu, anainua tena.

Pia angalia kitabu cha bunduki yako kama inaruhusu. Bunduki za .22 (zile za risasi ndogo) nyingi hazipendi kabisa, kwa sababu fataki yake iko kwenye ukingo wa ganda na pini ya kupigia ikikosa ganda inaweza kugonga ukingo wa chemba yenyewe, ikaharibu. Tumia risasi bandia za mazoezi, ni rahisi na unazitumia muda mrefu.

Sasa shabaha. Unaweza kuipunguza ili chumbani ionekane kama ya uwanjani. Shabaha ya raifo ya mita 50 ya mashindano ya kimataifa ina duara jeusi la milimita 112.4. Ukisimama mita 5 kutoka ukutani unahitaji moja ya kumi, kama milimita 11. Ile ya raifo ya upepo mita 10 ina nyeusi ya milimita 30.5, kwa mita 5 unachora kama 15. Pima umbali kutoka kwenye jicho lako, sio kutoka mdomo wa mtutu. Kalamu nyeusi na karatasi, basi, imekwisha.

Mazoezi yenyewe: mara kumi za kwanza lenga ukuta mweupe usio na alama yoyote. Utaona ajabu, bila shabaha ya kukuvuta macho unaanza kuona saiti yako inavyotikisika na inavyoruka pale kidole kinapobonyeza. Kisha weka sarafu juu ya mtutu karibu na mbele, bonyeza triga, sarafu isidondoke. Kwangu ilidondoka wiki nzima. Nilikuwa nabonyeza kwa mkono wote badala ya kidole peke yake, na sijui ningetumia makasha mangapi renji kugundua hilo, kwa sababu mlio na mtikisiko wa bunduki vinaficha kosa. Baada ya hapo ndio unakwenda kwenye shabaha yako ndogo, mara 20, na kila ukisikia "ta" jiulize saiti ilikuwa wapi sekunde ileile. Dakika 15, siku nne kwa wiki. Ukichoka acha.

Wapiga sahani za udongo, zile zinazorushwa hewani, na nyie mnaingia humu. Chukua tochi nyembamba inayokaa sawa kwenye mdomo wa mtutu (bunduki tupu, kanuni zilezile), simama, fuata kwa mwanga ule mstari ambapo ukuta unakutana na dari, taratibu kutoka kona hadi kona, halafu shusha kitako na upandishe tena begani. Mwanga ukiruka pale kitako kinapogusa bega ujue hapo ndipo sahani zako zinapokukimbia.

Hatua ya 4: Bunduki ya upepo si ya watoto

Najua kuna watu wanaiona kama kitu cha kuchezea. Raifo ya upepo mita 10 ni mchezo wa Olimpiki, risasi yake ni milimita 4.5 na kumi yake, yaani duara la katikati, ni kitone cha nusu milimita tu, nenda kajaribu kupiga 60 hivyo ukiwa umesimama halafu uje tuongee. Haina baruti, haina fataki, na kopo moja la virisasi vyake mara nyingi lina 500. Tena risasi inakaa muda mrefu kidogo ndani ya mtutu kuliko bunduki ya baruti, kwa hiyo ukitikisika mapema baada ya kubonyeza, karatasi inakuambia ukweli. Mimi vuli mbili sasa mazoezi yangu mengi ya renji ni ya upepo, bunduki kubwa naitoa pale ninapokaribia mashindano. Angalia tu sheria za unapoishi, sehemu nyingine nayo inahitaji kibali.

Hatua ya 5: Renji, risasi 30 tu

Nenda na 30, nyingine ziache nyumbani. Ukizibeba utazipiga, mimi najijua.

Tano za kwanza piga bila kupasha moto wowote, hizo ndizo zinakuonyesha ulivyo leo, andika alama zake. Kumi na tano zinazofuata zina kazi moja, moja tu, kwa mfano pumzi, au kufuatilia saiti baada ya mlio. Na hapa kuna kitu ambacho kwangu kina thamani kuliko kasha zima: kabla ya kuangalia ilipopiga, itaje. Sema "saa tatu, nane", yaani upande ilipokwenda kama kwenye uso wa saa na alama yake, halafu ndio uangalie kwa darubini. Ukitaja sawa na ikawa mbaya, unajua kosa ni lako na unajua ni lipi. Ukitaja katikati na imekwenda saa saba nje kabisa, basi ama ulifumba macho ama kuna kitu kwenye saiti au risasi. Kumi za mwisho piga kama mashindano, saa imewashwa, hakuna kuongea.

Na saiti usiirekebishe kila baada ya risasi moja. Piga nne au tano, tafuta katikati yake, geuza mara moja, thibitisha, andika kwenye daftari. Kufukuza kila tundu kunamaliza risasi na mwishoni saiti inarudi palepale ilipoanzia.

Hatua ya 6: Kununua bila hofu

Piga hesabu ya mwaka. Mimi ni safari mbili kwa mwezi, risasi 30, hiyo ni 720, naongeza za mashindano 200, jumla 920. Hiyo namba ndiyo inaniongoza dukani, sio rafu tupu. Nanunua nusu zikipatikana, zote za bechi moja, namba iko kwenye kasha. Nilishawahi kununua kwa hofu, makasha sita ya aina nne tofauti kwa sababu ndio yalikuwepo, nikaenda mashindano nayo yamechanganyika na kundi langu la matundu likahama kila nilipofungua kasha jipya. Siku nzima nageuza saiti.

Lakini kosa kubwa zaidi lilikuwa jingine. Kipindi cha uhaba jamaa mmoja aliniuzia risasi alizojaza mwenyewe, bei nzuri, hazina lebo. Ya kumi na moja badala ya mlio nikasikia "pwu", bunduki haikusukuma bega. Bahati mzee aliyekuwa pembeni yangu alipiga kelele "simama!" kabla sijaingiza nyingine. Tukasubiri mtutu umeelekea shabaha, tukafungua, tukapitisha ufito, risasi ilikuwa imekwama katikati ya mtutu. Ningepiga nyingine nyuma yake mtutu ungeweza kupasuka usoni kwangu. Kwa hiyo: risasi zilizojazwa na mtu usiyemfahamu, hata za bure, usiziguse. Na ukisikia mlio wa ajabu, hafifu, simama hapohapo, mtutu uelekee shabaha, subiri kabla ya kufungua, mwite msimamizi.

Kujaza mwenyewe maganda ya risasi kubwa kunaweza kusaidia kwa mtu anayepiga nyingi sana, ila fataki na baruti ndizo zilezile zinazokosekana, vifaa vina gharama, na kama huna mtu wa kukufundisha na kitabu cha vipimo cha mtengenezaji wa baruti unachokifuata neno kwa neno, achana nako. Za .22 wala usifikirie, hazijazwi upya.

Watu wa sahani: jaribuni risasi zenye gramu 24 za marisau (vile vipande vidogo vinavyotawanyika) badala ya 28. Olimpiki yenyewe kikomo ni gramu 24. Kilo moja ya marisau inatoa risasi 35 za gramu 28 lakini 41 za gramu 24, kwa hiyo ukiona tofauti ya bei dukani unajua imetoka wapi, na bega nalo linashukuru. Piga moja kwenye karatasi kubwa kwanza uone marisau yanavyotawanyika kwenye bunduki yako.

Hatua ya 7: Zitunze

Mahali pakavu, pasipo joto kali, kwenye boksi la chuma lenye mpira kwenye kifuniko, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu ndani. Sio ndani ya gari. Andika tarehe uliyonunua, tumia za zamani kwanza. Jua leseni yako inaruhusu kuweka ngapi nyumbani. Hapo sina la kuongeza.

Hatua ya 8: Msizifungie kabatini

Ukiwa na za miaka mitano kabatini, kijana aliyeanza mwezi uliopita hapati hata kasha moja, na renji bila vijana inafungwa. Ongeeni, agizeni kwa pamoja kupitia klabu kama sheria yenu inaruhusu, maana kumpa mtu risasi mkononi sehemu nyingi ni kosa kama hana kibali. Klabu yetu tumeweka bunduki mbili za upepo za pamoja na jioni moja kwa wiki ya kufyatua kavu, mnakaa wawili wawili, mmoja anapiga mwenzake anaangalia kidole na jicho lake. Wiki iliyopita niliyekaa naye ni dada mmoja mgeni kabisa, aliniambia "shikamoo, jicho lako linafumba kabla ya triga". Nikarudi kwenye ukuta mweupe, mara kumi, kuanzia mwanzo.