Kugundisha bampa lililopasuka: kazi iko kwenye plastiki, siyo kwenye gundi

Bampa likigundishwa leo na kuachia baada ya wiki mbili, lawama huenda kwa gundi. Mara nyingi gundi haina kosa. Mabampa ya magari mengi tunayoendesha yametengenezwa kwa polipropilini, plastiki ambayo kwa asili yake haishikwi na gundi, wala na rangi, mpaka uso wake ubadilishwe kwanza. Mwongozo huu unafuata mfano mmoja: bampa la mbele lenye ufa wa sentimita 15 hivi, ule unaoanzia kwenye kona linapofungwa na fenda. Njia ni ileile kwa spoila na kwa plastiki za ndani ya matao ya matairi.

Kuna sehemu ambazo hazigundishwi. Tanki la mafuta, chupa ya mafuta ya breki na kifuniko cha eabegi, hapana kabisa. Kichwa cha plastiki cha rejeta hubeba maji ya nyuzi 90 hadi 100 yakiwa na presha. Gundi inaweza kukufikisha nyumbani, baada ya hapo nunua rejeta.

Hatua ya 1: Ijue plastiki yako

Geuza bampa uangalie upande wa ndani. Kuna herufi zilizochorwa kwenye plastiki yenyewe katikati ya alama > na <. Ukiona >PP<, >PP+EPDM<, >PP+E/P-T20< au kitu kinachoanza na PP, ni polipropilini. T20 maana yake asilimia 20 ya uzito ni unga wa talki. Kwenye Toyota unaweza kukuta TSOP, nayo ni ya ukoo huohuo. >ABS< na >PC+ABS< ni plastiki za aina nyingine, utazikuta zaidi kwenye grili na vifuniko vya saiti mira.

Kama herufi zimefutika, piga msasa namba 80 mahali pasipoonekana. ABS hutoa vumbi kavu. Polipropilini hulainika na kutoa vinyuzi vinavyojikunja. Hakikisha kwa tone moja la asetoni: subiri nusu dakika, gusa kwa kijiti. ABS itanata, polipropilini haitabadilika.

Kipimo cha kutupa kipande kwenye maji usikitegemee kwa bampa. Polipropilini tupu huelea kwa kuwa ina gramu 0.9 kwa kila sentimita ya ujazo, lakini ikiwekwa talki asilimia 20 hufika karibu 1.05 na kuzama sawasawa na ABS. Watu wengi wamedanganywa hapo.

Kama ni ABS, kazi yako ni fupi. Kwangua vipande vidogo vya ABS kutoka sehemu mbovu, viweke kwenye chupa ya kioo, mimina asetoni mpaka vifunikwe, funga, acha usiku kucha. Utapata uji mzito ambao ukikauka ni ABS ileile. Ujaze kwenye ufa kwa tabaka nyembamba tatu au nne, kwa sababu asetoni ikiruka uji hunywea. Acha siku mbili kabla ya kupiga msasa. Tumia asetoni halisi kutoka kwa wauza rangi au faiba. Ya kufutia rangi ya kucha mara nyingi ina mafuta. Na usiiguse taa ya mbele kwa asetoni: kioo chake ni polikaboneti, kitapasuka mistari mistari.

Yanayofuata ni ya polipropilini.

Hatua ya 2: Chagua gundi

Supa gluu ina kazi moja tu hapa: kushikilia kingo za ufa zikae mahali pake wakati unaandaa mambo mengine. Ikikauka haina unyumbufu, na bampa linatikisika muda wote. Supa gluu na baking soda (magadi ya kupikia) hukauka hapohapo na kuonekana ngumu kama jiwe, ndiyo maana inapendwa, lakini ugumu huo ndio unaoivunja.

Puti ya bodi ya mabati isikaribie bampa. Kipande cha polipropilini cha urefu wa mita moja kikipanda nyuzi 40, kutoka ubaridi wa alfajiri hadi jua la saa nane mchana, hurefuka kati ya milimita 3 na 5. Puti ya mabati haiwezi kufuata mwendo huo, kwa hiyo huchanika pembeni na kubebana na rangi.

Silikoni, hapana. Haina nguvu, na mabaki yake yataifukuza rangi pale pote yalipogusa. Gundi nyeusi ya vioo vya gari ni poliyurethane nzuri na inanyumbulika, ila haipigiki msasa ikawa laini, kwa hiyo inafaa upande wa nyuma tu.

Chaguo la kwanza ni poliyurethane ya sehemu mbili iliyotengenezwa kwa ajili ya mabampa. Wauza rangi za magari wakubwa huwa nayo, bei yake imechangamka na inahitaji bunduki yake. Chaguo la pili, na ndilo nitakaloeleza, ni epoksi ya polepole ya tyubu mbili. Iache ile ya dakika tano. Inakupa muda mfupi mno wa kupanga neti ya faiba, na hulainika mapema zaidi bampa likichomwa na jua.

Kwa ufa huu unahitaji mililita 30 hivi za epoksi. Hesabu yake: kiraka cha nyuma cha sentimita 21 kwa 6, unene wa milimita 2, ni mililita 25, na kinachobaki ni cha mbele. Ongeza neti ya faiba (ile ya maungio ya jipsam inafaa, ikunje mara mbili), msasa namba 80, 180, 320 na 600, biti ya milimita 3, spiriti, tochi ndogo ya gesi, masking tepu na glavu.

Hatua ya 3: Osha kabla ya msasa

Fungua bampa. Kulifanyia kazi likiwa kwenye gari ni kujinyima upande wa nyuma, na upande wa nyuma ndio unaobeba mzigo.

Osha pande zote mbili kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, suuza vizuri, kausha. Kisha futa kwa spiriti, kitambaa kimoja cha kupaka na kingine kikavu cha kuondoa kabla haijakauka. Mpangilio huu usiugeuze. Ukianza na msasa, polishi ya dashibodi na ya matairi, ambayo huwa na silikoni, itasuguliwa ndani ya plastiki na haitatoka tena. Petroli huacha mafuta. Spiriti ya famasi soma chupa yake, maana nyingine huwekwa mafuta ya nyonyo kulinda ngozi.

Hatua ya 4: Zuia ufa usiendelee

Tafuta mwisho halisi wa ufa: kunja plastiki taratibu kwa vidole, utauona ukifunguka mbele ya pale ulipodhani umeishia. Toboa tundu la milimita 3 hapo hapo kwenye ncha. Bila tundu hilo, ufa utapita pembeni ya kiraka chako.

Sasa panga kingo zikae sawa, zishike kwa masking tepu upande wa mbele na matone mawili matatu ya supa gluu. Upande wa nyuma, toboa matundu mengine ya milimita 3, sentimita 1 kutoka ufa kila upande, yakipishana kila sentimita 2. Epoksi itapenya humo na kuwa kama misumari. Upanue mdomo wa kila tundu kwa upande wa mbele kwa biti kubwa, ili epoksi ipate kichwa cha kushikilia. Hii ni kwa bampa linalopakwa rangi. Kwenye bampa jeusi lisilopakwa rangi, lenye uso wa chembechembe, matundu yataonekana daima, basi usiyatoboe.

Hatua ya 5: Uandae uso

Hapa ndipo saa zinapopotea, na ndipo inapoamuliwa kama kazi itadumu.

Piga msasa namba 80 upande wa nyuma, sentimita 4 kila upande wa ufa, mikwaruzo ikipishana. Polipropilini ikipata moto wa msuguano huacha vinyuzi laini. Vikate kwa wembe, usivifunike kwa gundi, kwa sababu gundi itashika kinyuzi na kinyuzi kitachomoka. Msasa wa mkono ni bora kuliko mashine hapa. Futa tena kwa spiriti.

Msasa peke yake hautoshi. Nyunyiza maji safi juu ya eneo ulilopiga msasa: utaona yanajikusanya matone matone na kukimbia. Epoksi nayo itafanya vivyo hivyo, ila huwezi kuiona. Kinachohitajika ni kuuchoma uso kidogo kwa moto wenye hewa nyingi, oksijeni ishikamane na plastiki ya juu, na maji yaanze kutandaa.

Kwanza ondoa chupa ya spiriti na vitambaa vyake, vipeleke mbali kabisa. Subiri dakika kumi bampa likauke, na fanya kazi mahali penye hewa. Spiriti na asetoni huwaka kwa mvuke usiouona.

Washa tochi ya gesi, rekebisha mpaka moto uwe wa buluu mtupu wenye koni ndogo kali katikati. Moto wa njano, mshumaa na kibatari huacha masizi, na masizi ni uchafu mpya. Ncha ya koni ikae kama sentimita 1 juu ya plastiki, ila isiiguse. Pitisha haraka, kasi ya sentimita 10 hadi 20 kwa sekunde, bila kusimama popote. Rudia mara mbili au tatu, ukiacha plastiki ipoe katikati. Uso usibadilike kwa macho. Ukianza kung'aa, umezidisha: umeyeyusha mikwaruzo, rudi kwenye msasa. Kingo za ufa na za matundu ni nyembamba, huungua upesi, zipitie kwa kasi zaidi.

Jaribu tena kwa maji. Safari hii yanatakiwa yatandae kama utando na kubaki hivyo kwa sekunde kumi au zaidi. Yakijitenga mahali, pachome tena hapo tu. Angalizo kubwa: sabuni iliyobaki nayo hutandaza maji, hivyo kama hukusuuza vizuri utapewa jibu la uongo. Ukiwa na shaka, suuza kwa maji mengi, kausha kwa upepo, jaribu upya. Usifute kwa kitambaa wala usiguse kwa kidole, jasho linatosha kuharibu.

Baada ya hapo una kama nusu saa ya kupaka gundi. Kazi ya moto hufifia, na vumbi halisubiri.

Je, praima ya plastiki ya kopo inaweza kuchukua nafasi ya moto? Kwa rangi, ndiyo. Chini ya epoksi inayobeba mzigo, siyo ya kuamini bila kujaribu, kwa sababu nyingi zimeundwa kushika rangi, na ikipakwa nene inakuwa tabaka dhaifu lenyewe. Wasiotaka moto wapake tabaka moja jembamba sana, wafuate muda wa kopo, na wafanye jaribio hili: andaa eneo dogo mahali pa siri nyuma ya bampa, weka tone la epoksi, kesho yake libandue kwa bisibisi bapa. Likitoka zima likiacha plastiki safi, njia hiyo imeshindwa. Likivunjika au kung'oka na plastiki, endelea. Jaribio hili wafanye na wenye tochi pia kama ni mara yao ya kwanza.

Hatua ya 6: Kiraka cha nyuma

Changanya epoksi kwa kipimo cha boksi, kwa kawaida moja kwa moja: minya mistari miwili ya urefu na unene sawa, koroga dakika mbili ukikwangua pembeni. Waliozoea puti wana tabia ya kuzidisha hadina (dawa ya kukaushia) ili iwahi. Kwenye epoksi hadina ni nusu ya gundi yenyewe. Ukiizidisha, sehemu iliyokosa mwenzake hubaki laini daima.

Paka tabaka jembamba ukisugua kwa nguvu liingie kwenye mikwaruzo, sukuma ndani ya matundu, laza neti, ibonyeze mpaka iloe, funika kwa tabaka la pili. Kingo za kiraka zimalizike nyembamba, zisiwe na ukuta. Acha kivulini saa 24. Kwenye baridi ya Njombe au ya Nairobi mwezi wa Julai toa saa 48, kwani joto likishuka nyuzi 10 muda huongezeka karibu mara mbili.

Hatua ya 7: Upande wa mbele

Toa tepu. Chimba mfereji wa umbo la V kufuata ufa, nusu ya unene wa plastiki. Rudia hatua ya 5 yote, ukiwa mwangalifu na rangi iliyo jirani, kisha jaza epoksi ipite uso kidogo. Kesho yake piga msasa namba 180, halafu 320.

Kwa rangi: praima ya plastiki pale plastiki ilipo wazi, praima ya kawaida yenye kilainishi, msasa 600, rangi.

Hatua ya 8: Kurudisha

Ufa ulianzia kwenye kona ya skrubu kwa sababu bampa lilivutwa ili lifike. Angalia mabano ya plastiki ya pembeni, ile reli bampa linapochomekwa chini ya fenda. Kama imekatika, badilisha. Bei yake ni ndogo ukilinganisha na bampa. Shika skrubu zote kwa mkono kwanza, bampa likae lenyewe, ndipo ukaze, ukianzia katikati kwenda pembeni. Weka washa pana chini ya skrubu ya kona iliyotengenezwa, na uikaze mpaka ishike tu.